Maji ya Ruzizi Yaenda Wapi?



Siku moja, katika kipindi cha jiografia, tuliwatoa wanafunzi wetu darasani tukawapeleka ukingoni mwa Ruzizi, pale Bukavu, mahali mto huo utokapo katika ziwa Kivu. Mtoto mmoja akachuma jani, akalitupa majini, akalitazama likizunguka mara mbili na kupotea katika povu. Kisha akauliza: «Mwalimu, maji haya yaenda wapi?» Mwenzake akawahi kujibu: «Yaenda Uvira, kwa mjomba wangu.» Wote wakacheka. Nasi tukacheka, lakini usiku ule tulipokaa mbele ya ramani tuliona kwamba hatukumjibu vema. Tulimwambia kuwa yaenda ziwa Tanganyika, tukanyamaza, kana kwamba ziwa ni chungu kilichofunikwa.

Maji hufuata mkondo, wasema wazee, na mkondo huu ni mrefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Maji ya Ruzizi ni maji ya mto Kongo. Mvua inyeshayo juu ya mabati ya Bukavu, na ile ya Gisenyi, ya Bujumbura na ya Kigoma, yote yaelekea kwenye mto ule ule upitao Kindu, Kisangani, Mbandaka na Kinshasa, na kumwagika katika bahari ya Atlantiki huko Banana. Leo twataka kumjibu mtoto yule kama ilivyompasa kujibiwa.

ZIWA LENYE MLANGO MMOJA

Ziwa Kivu liko juu, mita 1,460 hivi kupita usawa wa bahari. Tanganyika liko mita 770 hivi. Basi Ruzizi, katika safari yake fupi, hushuka karibu mita 700. Ndiyo sababu maji yake yana hasira, na ndiyo sababu tangu mwaka 1959 yametumikishwa kuzungusha mashini za umeme pale Bukavu. Kituo cha pili kilianza kazi mwaka 1989, na umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi.

Tanganyika hupokea mito mingi, mmojawapo Malagarasi utokao Burundi na kupita Tanzania. Lakini mto utokao katika ziwa hilo ni mmoja tu: Lukuga, karibu na Kalemie. Maji mengi ya ziwa hayafiki hata huko, kwa maana jua huyanywa. Mwingereza Cameron alipofika mahali hapo mwaka 1874 aliukuta mlango huo umezibwa na majani na matope, na ziwa likizidi kupanda. Miaka michache baadaye, karibu mwaka 1878, maji yalivunja kizuizi, yakatoka kwa nguvu kuelekea magharibi.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mvua zinapozidi na mlango ukiwa ni mmoja, ziwa hupanda na kuingia majumbani mwa watu. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, watu wa Uvira, wa Kalemie na wa Bujumbura waliona maji yakikaa mahali walipokuwa wakipika. Nyumba zilianguka, watoto wengine walikwenda shule kwa mtumbwi, na wengine hawakwenda kabisa. Yule mjomba wa Uvira, ambaye jina lake lilituchekesha ukingoni, alihamisha godoro na mabati yake mara mbili. Hapo tukafahamu kwamba kuuliza maji yaenda wapi si swali la mtoto tu.

Lukuga hushuka na kuingia Lualaba karibu na Kabalo. Na Lualaba ndiyo mto Kongo wenyewe kabla ya kubadili jina.

CHANZO NI KIPI?

Wataalamu hawasemi namna moja. Wakitafuta kijito kilicho mbali kuliko vyote na bahari, hufika Zambia, katika nchi iliyo kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Nyasa, mahali uanzapo mto Chambeshi. Huo huingia katika mabwawa ya Bangweulu, hutoka ukiitwa Luapula, hupita ziwa Mweru, hutoka tena ukiitwa Luvua, na kukutana na Lualaba huko Ankoro. Mto mmoja, majina matatu kabla ya kufika. Ukihesabu njia hiyo, urefu wote hadi baharini ni kilometa 4,700 hivi. Katika Afrika ni Nili peke yake unaoupita.

Lakini watu wa Katanga husema chanzo ni Lualaba wao, unaotokea katika nchi ya juu karibu na mpaka wa Zambia. Nasi hatutawagombanisha. Mto huo hupita lambo la Nzilo karibu na Kolwezi, hushuka katika magenge, kisha hufika Bukama na kutulia. Toka hapo huingia katika bonde la Upemba, nchi ya maziwa madogo, mafunjo na samaki. Kando ya ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi mengi katika miaka ya 1957 na 1958. Walikuta vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, shaba na chuma, mali ya watu walioishi hapo miaka elfu moja iliyopita na zaidi. Hata watoto wadogo walizikwa na vyungu vyao. Anayedhani kwamba mto huu ulianza kuwa na habari siku wageni walipoufikia, na aende akavitazame vyungu hivyo.

NYANGWE

Chini ya Kongolo mto hubanwa na mawe katika mlango mwembamba ambao Wazungu waliuita Milango ya Jehanamu. Ukishapita hapo huingia katika nchi ya Maniema, penye Kasongo na Nyangwe. Hapa yatupasa kukaa kidogo, kwa sababu lugha hii tunayowaandikia ilipita njia hiyo.

Wafanyabiashara wa Unguja na wa pwani walifika Nyangwe karibu mwaka 1860, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Walikuja pamoja na watu wao walioitwa Waungwana, na kutokana nao Kiswahili cha Kongo ya mashariki kilipata jina la Kingwana. Mwaka 1871, mwezi wa Machi, Livingstone alifika hapo akiwa mgonjwa na amechoka. Aliuona mto mpana ukienda kaskazini, akadhani ndio chanzo cha Nili. Alitaka mitumbwi ya kuvukia; wenyeji hawakumpa, na ni nani awezaye kuwalaumu, walipokuwa wamekwisha kuona mambo yaliyofuata nyayo za wageni?

Nyangwe palikuwa na soko kubwa. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi, wakileta samaki, chumvi, vyungu, kuku na mafuta ya mawese. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wale walianza kupiga bunduki katikati ya soko. Wanawake walikimbilia mitumbwini, mitumbwi ikapinduka, wengi wakajitupa majini wakijaribu kuogelea, na mto ukawachukua. Waliokufa walikuwa mamia. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, akaondoka, akarudi Ujiji akiwa amevunjika moyo. Habari zake zilipofika Ulaya ziliwatia nguvu wale waliotaka soko la watumwa la Unguja lifungwe. Nalo lilifungwa mwaka 1873.

Miaka mitatu baada ya mauaji yale Cameron alifika Nyangwe, akapima. Aliona kwamba Lualaba unachukua maji mengi kuliko Nili, na tena kwamba Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, mahali Nili upitapo. Basi hauwezi kuwa Nili, kwa maana maji hayapandi mlima. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa shule ya msingi aifahamu, lakini ilimhitaji mtu aende na kipimo mkononi. Mwishowe Stanley, mwaka 1876, aliondoka Nyangwe na msafara mkubwa, na Tippu Tip akimsindikiza mwanzoni, akaufuata mto mpaka Boma, ambako alifika tarehe 9 Agosti 1877. Vitabu hulitaja jina lake peke yake. Lakini waliopiga makasia, waliobeba mitumbwi juu ya mawe, na waliozama katika maporomoko, wengi wao walikuwa Waungwana waliotoka Unguja, wasemaji wa Kiswahili, na majina yao mengi hayatajwi kamwe.

MASHUA NA GARI LA MOSHI

Tazameni sasa jinsi mto huu ulivyo mgumu na mwema kwa wakati mmoja. Hauendi kwa mashua moja toka juu hadi chini. Toka Bukama mpaka Kongolo mashua zapita. Toka Kongolo mpaka Kindu kuna mawe, basi iliwekwa reli. Toka Kindu mpaka Ubundu, kilometa 300 hivi, mashua tena. Toka Ubundu mpaka Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, basi reli tena, kilometa 125, iliyofunguliwa mwaka 1906. Toka Kisangani mpaka Kinshasa mto ni wazi kwa kilometa 1,734, bila poromoko hata moja. Kisha toka Kinshasa mpaka Matadi maporomoko huanza upya, zaidi ya thelathini kwa hesabu, nayo reli yake yenye kilometa 366 ilimalizika mwaka 1898, baada ya wafanyakazi wengi sana kufa kwa maradhi na uchovu. Vipande hivyo vya mashua na reli ndivyo vilivyoishona nchi hii. Kipande kimoja kikikatika, mwenye mzigo hukaa njiani.

Na vimekatika sana. Treni za vipande hivyo siku hizi hupita mara moja moja tu. Mahali pengine magunia husukumwa kwa baiskeli katika njia ya matope. Meli kubwa za zamani zimepungua, na mahali pake zimechukuliwa na zile mashua za mbao ziitwazo balenyeri, zenye mashini ndogo nyuma, zinazopakia watu, mbuzi, mafuta, chumvi na mpunga pamoja.

Sisi wenyewe tulisafiri kwa mojawapo toka Kindu. Bandarini mama mmoja mwenye magunia manne ya mpunga alitazama ubao wa pembeni ulivyokaribia maji, akasema: «Baba, mimi sipandi.» Msimamizi akamwambia: «Mama, panda, nafasi ingaliko, kesho hakuna mashua nyingine.» Yule mama akajibu: «Kesho kuna watoto wangu.» Magunia yake yalikuwa yamekwisha kupakiwa, naye alibaki ukingoni akiyatazama yakienda. Sisi tulipanda. Yatupasa kukiri kwamba tuliona haya kushuka mbele ya watu, sisi tunaoitwa wasomi. Usiku, bila taa, mashua ilipanda juu ya mchanga katikati ya mto na kulala upande. Tulishikana mikono gizani hata mapambazuko, maji yakiwa magotini, watoto wakilia. Hakufa mtu. Kulipokucha wavuvi walikuja na mitumbwi, wakatuvusha wawili wawili, wala hawakutudai kitu.

Wengine hawakupata wavuvi. Kila mwaka twasikia habari za mashua zilizozama, katika Lualaba, katika Kongo, katika mito ya Equateur na katika ziwa Kivu, na sababu ni zile zile: shehena kupita kiasi, safari ya usiku, ukosefu wa maboya ya kujiokoa. Serikali imekataza safari za usiku mara nyingi. Lakini katazo halina macho bandarini saa mbili ya usiku. Kwa jamaa nyingi hakuna barabara, hakuna treni. Kuna mto tu. Baba anayemtuma binti yake shuleni Kisangani hana njia mbili za kuchagua. Awezalo ni kuutazama ubao wa mashua, kama yule mama, na kuwa na moyo wa kusema sipandi.

KISANGANI HADI MALEBO

Pale Kisangani, katika poromoko la mwisho la Boyoma, Wagenya husimamisha miti mikubwa juu ya mawe, wakaifunga kwa kamba za mwituni, na kuning'iniza mitego mikubwa ya kusukwa mfano wa vikapu, ambamo maji yenyewe huwatia samaki. Ni kazi ya ukoo: kila mahali pa mtego pana wenyewe, na mtoto hujifunza kwa baba yake jinsi ya kusimama katikati ya maji yanayovuma bila kuchukuliwa.

Mto Kongo hupita mstari wa ikweta mara mbili, kwanza kati ya Ubundu na Kisangani, kisha karibu na Mbandaka. Jambo hilo lina faida kubwa. Wakati wa kiangazi upande wa kusini, mvua hunyesha upande wa kaskazini. Na kaskazini kukikauka, kusini hunyesha. Mito ya pande zote mbili, Lomami, Aruwimi, Ubangi, Sangha, Kasai na mingine, hupokezana zamu kama walinzi wa usiku, na mto mkubwa haukauki kamwe. Mbele ya Kinshasa hupita, kwa wastani, mita za ujazo 40,000 hivi kila sekunde. Tuliwafanyia wanafunzi hesabu: ni kama kujaza mapipa 200,000 ya lita 200 kila mara unapopepesa jicho. Mto Amazon wa Amerika peke yake unaupita kwa wingi wa maji.

Mara nyingine zamu hizo hukutana, na hapo huja hatari. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 mto ulipanda, na mwezi wa Januari maji ya Kinshasa yalifika karibu na kipimo cha mwaka 1961, ambacho ndicho kikubwa kinachokumbukwa. Mbandaka na Kisangani pia maji yaliingia mitaani.

Katikati ya bonde, kati ya Mbandaka na mto Ubangi, na ng'ambo ya pili katika Kongo-Brazzaville, kuna misitu iliyosimama majini. Chini yake umo udongo mweusi wa majani na miti isiyooza, uliokusanyika kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba udongo huo umefungia kaboni tani zipatazo bilioni 30. Ukikaushwa, ukachomwa au kulimwa, hewa hiyo itapanda juu na kuzidisha joto la dunia nzima. Basi mvuvi wa Equateur anayeuacha msitu wake umesimama huwatunza watu asiowajua, nao hawajui kwamba wana deni kwake.

Bonde lote la mto huu lapata kilometa za mraba milioni 3.7, nalo lagusa nchi tisa na zaidi. Nchi kadhaa ziliunda tume ya pamoja mwaka 1999 kwa ajili ya mito Kongo, Ubangi na Sangha. Kazi haikosi: wapo wanaopendekeza kuyapeleka maji ya upande wa Ubangi mpaka ziwa Chadi, linalopungua. Jirani mwenye kiu hapaswi kudharauliwa. Lakini Ubangi nao, wakati wa kiangazi, huwakwamisha wenye mashua wa Bangui juu ya mchanga.

MPAKA BAHARINI

Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili, hutazamana ng'ambo ya maji. Chini yake mto hujibana katika magenge na kushuka mita 270 hivi hadi Matadi. Mahali pengine kina chake kimepimwa kupita mita 200. Hakuna mto unaojulikana wenye kina kama hicho. Huko chini, katika giza na mkondo mkali, kuna samaki mweupe asiye na macho.

Hapo ndipo ilipo Inga. Kituo cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1972, cha pili mwaka 1982, na waya wa kilometa 1,700 hivi ukavutwa mpaka Kolwezi, kuupa umeme uchimbaji wa shaba. Waya huo hupita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku huwasha koroboi. Wataalamu husema mahali hapo pekee pangeweza kutoa megawati 40,000, kiasi cha kuangaza nchi nyingi za Afrika. Mipango imeandikwa na kuandikwa tena. Tumekwisha kuwafundisha wanafunzi wa miaka kadhaa kwamba Inga ni tumaini la Afrika. Wengine wao sasa ni wazazi, na watoto wao husoma kwa mshumaa.

Baada ya Matadi, penye lile daraja refu la mwaka 1983, mto hupanuka, hupita Boma, na kufika Banana, Angola ikiwa ng'ambo ya kushoto. Huko ndiko Mreno Diogo Cão alikofika mwaka 1482, akawauliza wenyeji jina la maji hayo. Walimwambia Nzadi, maana yake mto. Wareno wakatamka Zaire. Jina hilo lilirudishwa mwaka 1971, likaitwa nchi na mto, hata mwaka 1997. Hata akiisha kuingia baharini mto hausimami mara moja: bonde lake laendelea chini ya bahari, na maji yake matamu huonekana mbali na pwani, yakichukua visiwa vya yale majani ya maji yaliyoenea tangu miaka ya 1950, ambayo watu wa chini huyaita Kongo ya Sika.

Juma lililofuata tulichora njia hiyo yote ubaoni, toka Bukavu hadi Banana. Yule mtoto aliisoma kwa kidole, mji kwa mji, kisha akauliza kama jani lake litafika. Tulimwambia kweli: yaelekea litaoza katika Tanganyika. Akafikiri kidogo, akasema basi safari nyingine atalitupa Kalemie.